Kinoo na Kisu: Uraibu katika Maandishi ya Louis Leakey

Zamani neno uraibu lilitajwa kwa tambuu, tumbaku na vitu vingine ambavyo mtu huvitumia baada ya chakula, si kwa njaa wala kwa kiu, ila kwa sababu moyo umevizoea. Siku hizi neno hilo limepanuka, na kila jambo ambalo mtu hulifanya kwa mapenzi yake mwenyewe katika saa zake za nafasi huitwa uraibu. Mmoja hukusanya stempu. Wa pili hufuga njiwa. Wa tatu hucheza sataranji mpaka chakula chake kikapoa. Wa nne ajua jina la kila matatu ipitayo barabarani na mkono uliochora picha zake. Lakini maana mpya haikuifuta maana ya kale. Ndani ya neno hili mngali na harufu ya tumbaku: ni jambo ambalo mtu hulitia kinywani kwa hiari, kisha jambo lenyewe likamshika aliyelitia.

Huenda wewe, msomaji, u mmoja wa watu hawa. Huenda umekwisha kuambiwa nyumbani kwamba unapoteza wakati, na shuleni kwamba jambo ulipendalo halimo katika mtihani. Sitaki kukusifu wala kukukemea kabla hatujapima. Nataka tusome pamoja maandishi ya mtu mmoja aliyemezwa na uraibu wake tangu utoto mpaka kaburi, tuone faida aliyoipata na hasara aliyoiingia. Kitabu chenyewe ni White African, alichokiandika Louis Leakey juu ya maisha yake mwenyewe, kikachapishwa mwaka 1937. Sikukichagua kwa kuwa mwandishi wake ni mtu mashuhuri. Nimekichagua kwa kuwa chaeleza jinsi mapenzi ya jambo moja yanavyomwingia mtoto, na kwa kuwa habari zake zaanza hapa petu. Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903. Sisi tukaao Kinoo, kando ya barabara itokayo Nairobi kwenda Nakuru, twakanyaga udongo mwekundu ule ule ambao mtoto huyo aliukanyaga huku ameinamisha kichwa akitafuta mawe.

Kisa chake ni hiki. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kiingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaisema lugha yao kama wao. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 alipelekewa kutoka Uingereza kitabu cha watoto, Days Before History, kilichosimulia habari za watu wa kale waliotumia zana za mawe. Tangu hapo mawe yakamteka. Alipita penye mifereji na penye barabara mpya zilizochimbwa, akaokota kila jiwe aliloliona kama limechongwa. Watu wa nyumbani kwao walimcheka. Machoni mwao mawe hayo yalikuwa vigae vya chupa tu. Wakikuyu waliyaita nyembe za mizimu. Yeye hakujali kicheko wala mizimu. Alijijengea nyumba yake ya udongo, kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa Kikuyu, akaweka humo makusanyo yake.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba mwandishi hajifanyi kuwa alizaliwa na hekima. Jambo moja dogo lastahili kutazamwa vizuri. Kitabu alichosoma kilisifu zana za jiwe la gumegume. Kabete hapakuwa na gumegume, wala mtoto hakujua gumegume linafananaje. Basi aliokota obsidiani, yaani jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama kioo, maana ndilo lililokuwa na makali. Mtu mwenye elimu nusu angalisema, "Hapa hapana gumegume, kwa hiyo hapana zana," akaenda zake. Mtoto hakuwa na elimu hata hiyo nusu. Alikuwa na macho tu, na macho yakamtosha.

Weka habari hiyo kando ya nyingine iliyotokea mwaka 1931, naye sasa ni mtu mzima. Alikwenda bonde la Olduvai, Tanganyika, pamoja na mtaalamu wa Kijerumani, Hans Reck. Reck aliwahi kufanya kazi huko mwaka 1913, na katika muda wake wote asione zana hata moja ya jiwe. Leakey akaweka naye dau la pauni 10 kwamba yeye ataona zana kabla ya kupita saa 24 tangu kufika. Akashinda. Siri ilikuwa nini? Reck alizoea gumegume la Ulaya, basi akatafuta gumegume. Watu wa kale wa Olduvai walichonga mawe ya namna nyingine. Yule mtoto wa Kabete aliyeokota obsidiani bila kujua jina lake ndiye aliyelichukua dau la Olduvai. Hii ndiyo faida ya uraibu wa kweli, nayo yapita faida ya kupumzisha akili. Hufundisha jicho kuona kitu kama kilivyo, na si kama kilivyotajwa kitabuni. Mambo tufundishwayo kwa haraka ya mtihani hutupa majina kabla ya vitu. Mtu aliyezama katika jambo alipendalo hukutana na kitu kwanza, kisha akalitafuta jina lake.

Sifa ya pili ni habari ya Arthur Loveridge, nami naomba kila msomaji anayetaka kuwa mwalimu aizingatie. Loveridge alikuwa mtunzaji wa makumbusho madogo ya Nairobi, na elimu yake hasa ilikuwa ya nyoka, mijusi na vyura. Mtoto alimletea mawe. Angaliweza kumwambia kwamba mawe si kazi yake. Angaliweza pia kumpigapiga begani na kumrudisha nyumbani. Badala yake aliyatazama, akathibitisha kwamba baadhi yake ni zana kweli kweli, akamhimiza aandike habari za kila alichookota. Mtu huyu alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliukubali uraibu wa mtoto, na hapo hapo akautia adabu. Mwalimu akubaliye bila kutia adabu humwacha mtoto katika mchezo. Atiaye adabu bila kukubali humvunja moyo. Katika chuo chetu nawaambia vijana wanaojifunza ualimu kwamba huenda katika kazi yao yote wakaletewa jiwe la namna hiyo mara moja tu, na kwamba litakuja siku ambayo wamechoka.

Hizo ndizo sifa. Lakini kazi ya mhakiki si kusifu peke yake. Kiswahili kina neno kinoo, maana yake jiwe la kunolea. Jina la mji wetu ni la Kikuyu na lina historia yake, ila Mswahili alisikiapo hulikumbuka jiwe hilo. Kinoo hunoa kisu; kila aliyepata kukitumia ajua pia kwamba hukila. Kisu kinolewacho mchana kutwa bila kukata kitu hukonda mpaka kikawa uzi wa chuma. Uraibu kwa akili ni kama kinoo kwa kisu, na maisha ya Leakey yanatuonyesha mambo yote mawili.

Kisu kilikonda kwanza huko Kanam. Mwaka 1932, kando ya Ziwa Victoria, Leakey alipata kipande cha taya, akatangaza kwamba ni cha binadamu wa kale sana wa namna yetu. Mwaka 1935 Profesa Percy Boswell, mtaalamu wa miamba kutoka London, alifika ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha. Vyuma alivyovipigilia kuwa alama vilikuwa vimekwisha kung'olewa na watu, na picha aliyokuwa ameitoa ikaonekana kuwa si ya mahali pale. Boswell akaandika ukweli huo hadharani, na jina la Leakey likaingia doa kwa miaka mingi. Tazama ajabu hii: mtoto aliyehimizwa Nairobi kuandika habari za kila jiwe, alipokuwa mtu mzima na mwenye sifa, alishindwa kuhifadhi habari za kitu alichokithamini kuliko vyote. Mapenzi yalikuwa yamezidi subira. Aliyezama sana katika jambo huliona waziwazi hata akasahau kwamba wengine hawalioni, na kwamba wana haki ya kuomba ushahidi.

Mara ya pili hasara ilitokea katika maandishi yenyewe. Mwaka 1937 Leakey alianza kuandika mila za Wakikuyu kama zilivyokuwa kabla ya mwaka 1903. Aliketi na wazee, akauliza, akaandika kila kitu: kilimo, ndoa, mashamba, viapo, mbuzi wa kila sherehe. Hati ikawa kubwa mno. Wachapaji walitaka aipunguze, naye akakataa kuipunguza. Ikakaa miaka na miaka. The Southern Kikuyu before 1903 ilitoka mwaka 1977 katika juzuu tatu zenye kurasa zaidi ya 1,000. Mwandishi alikuwa amekufa tangu mwaka 1972, na wazee waliomsimulia, ambao walikumbuka mambo ya kabla ya mwaka 1903, wengi wao walikuwa wamekwisha kutangulia.

Linganisha na kitabu kingine cha miaka ile ile juu ya watu wale wale. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha London kitabu chake Facing Mount Kenya. Ni juzuu moja. Atafutaye habari za kila mbuzi wa kila sherehe atazipata kwa Leakey kuliko kwa Kenyatta. Lakini kitabu cha Kenyatta kilitoka wakati ambapo neno la ardhi ya Wakikuyu lilikuwa likishindaniwa, na sura yake juu ya umiliki wa ardhi iliwafikia wasomaji wakati walipoihitaji. Kenyatta alijua anamwandikia nani na kwa sababu gani. Leakey alijua habari nyingi, na habari zenyewe zikawa ndizo sababu. Sisemi kazi yake ni bure. Leo mtafiti wa mila za Kikuyu hawezi kuipita. Nasema ilikuja ikiwa ghala, na ilitakiwa ije ikiwa chakula. Mtu mwenye uraibu huona uchungu kuacha hata punje moja. Lakini kuandika ni kuchagua, na asiyeweza kuacha hawezi kumaliza.

Ila ya tatu imo katika jina la kitabu tulichoanza nacho. White African maana yake ni Mwafrika mweupe. Mwandishi adai kwamba kwa kuzaliwa, kwa lugha na kwa mila yeye ni mtu wa hapa. Dai hilo si la uongo mtupu. Alipokuwa mwanafunzi Cambridge aliomba Kikuyu kikubaliwe kuwa mojawapo ya lugha za mtihani wake, kikakubaliwa. Na mbele ya tume ya ardhi ya miaka ya 1930 aliueleza vizuri utaratibu wa mashamba ya Kikuyu. Hata hivyo ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, ujuzi wake wa lugha na mila aliutumia upande wa serikali ya kikoloni. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Kenyatta huko Kapenguria, mpaka mawakili wa utetezi walipompinga akaondoka. Akaandika pia vitabu viwili juu ya Mau Mau, cha mwaka 1952 na cha mwaka 1954. Mtu aweza kuzijua mila za jirani yake kuliko jirani mwenyewe, na bado asisimame naye mlangoni siku ya shida. Msomaji asichanganye kuvutwa na mambo ya watu na kuwapenda watu. Uraibu hutupa la kwanza. La pili hatulipati ila kwa moyo.

Tena kitabu cha mtu juu ya maisha yake, kwa umbo lake, husema "mimi" kuliko "sisi". Basi yatupasa sisi wasomaji kujaza pengo. Heselon Mukiri, Mkikuyu, alifanya kazi ya mawe na mifupa pamoja na Leakey kwa miaka mingi. Fuvu la Proconsul la mwaka 1948 katika kisiwa cha Rusinga liligunduliwa na Mary Leakey, mkewe; naye ndiye aliyeliona fuvu mashuhuri la Zinjanthropus huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo Louis alikuwa mgonjwa kambini. Na Kamoya Kimeu aliyeanza kazi ya uchimbaji Olduvai mwaka 1960, hana shahada wala jina kubwa, alijifunza kutambua mfupa kati ya changarawe hata akawa hodari kuliko wasomi waliomwajiri. Mwaka 1984, kando ya mto Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu, nacho kikaongoza kwenye mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwenye kudhani kwamba kuzama katika jambo moja ni anasa ya watoto wa wenye nafasi na amtazame Kamoya.

Sasa nasikia mzazi akiuliza: "Mwalimu, mtoto wangu ana mtihani mwaka huu. Je, niache ashinde na njiwa?" Swali hilo ni la haki, maana karo hailipwi kwa mawe. Nami sijibu kwamba kila mfuga njiwa atakuwa mtaalamu. Wengi hawatakuwa, wala si lazima wawe. Leakey mwenyewe hakupata Olduvai kwa kuokota mawe tu. Alikwenda chuoni akajifunza mambo mengi asiyoyapenda, ili apate haki ya kulifanya alilolipenda. Uraibu haumwondolei mtu wajibu. Lakini mzazi na apime jambo moja kabla ya kumnyang'anya mtoto njiwa wake. Je, mtoto huyu amejua mambo ambayo hakuna aliyemlazimisha kuyajua? Kama amejua, basi yamo ndani yake mapenzi ya elimu, hata kama vyeti vyake vya shule havijayaonyesha. Kumnyang'anya jambo hilo ili apende jingine ni kama kuzima jiko ili uwashe taa.

Wewe msomaji nawe ujipime, na vipimo tumekwisha kuvipata katika habari hizi. Kutoka Kabete na Olduvai, jiulize kama uraibu wako wakufungua macho au wayafumba. Kama leo waona mambo ambayo mwaka jana hukuyaona, au warudia yale yale kama atafunaye tambuu. Kutoka Kanam, jiulize kama waandika ulichokiona, siku na mahali, hata mwenye shaka aweze kwenda akaona mwenyewe. Kutoka zile juzuu tatu, jiulize kama waweza kumaliza kitu na kumpa mtu mwingine wakati anapokihitaji. Na kutoka Kapenguria, jiulize kama katika kujua mambo ya watu umewasahau watu wenyewe.

Usidhani vipimo hivi havifikiki. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuwaongoza watu kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, kutoka makumbusho ya Nairobi, na matembezi hayo yakadumu kwa miongo mingi. Kutazama ndege ni uraibu wa kumeza mtu kama mwingine wowote. Lakini hapo mjuzi alitembea na asiyejua, ndege akatajwa kwa sauti, na anayeshuku akageuza shingo akaona mwenyewe. Kisu kilinolewa, na siku ile ile kikakata.

Basi kama kitabu White African kimo katika maktaba ya shule yako, kisome, lakini kisome ukiwa na kalamu. Furahi pamoja na mtoto, mwulize mtu mzima maswali, na usikubali jina lililo juu ya jalada kabla hujayapima matendo. Na ukiwa unalo jambo unalolipenda hata ukacheka peke yako njiani, lishike. Nunua daftari, uandike tarehe. Kisha mtafute mtu mmoja wa kumwonyesha. Na siku atakapokuja mtoto na jiwe lake mkononi, hata kama kazi yako ni nyoka na vyura, litazame.